CHUNGWA: LILE PAMOJA NA CHAKULA, CHAI ISUBIRI

Leo katika safu yetu ya afya na usafi tunaliangalia tunda linalojulikana karibu katika kila nyumba, nalo ni chungwa. Msimu wake mkubwa unapofika, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, malori yaliyosheheni machungwa hutoka Muheza mkoani Tanga kuelekea Dar es Salaam, na mengine huvuka mpaka kwenda Kenya. Bei hushuka, na hata mwenye kipato kidogo huweza kuwapelekea watoto wake nyumbani.

Pamoja na wingi huo, wengi wetu hulila chungwa njiani au stendi kwa ajili ya kupoza kiu tu, au tunalikamua na kulitia sukari. Faida yake kubwa kwa familia inatupita hivi hivi. Faida hiyo inahusu damu, hasa damu ya mama mjamzito na ya mtoto mdogo.

Kwa nini tuzungumzie damu

Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015/16 ulionesha kwamba watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa 45 katika kila 100. Maana yake ni kwamba ukiingia katika nyumba yenye mama na watoto wawili wadogo, ni rahisi kumkuta mmoja wao damu yake haitoshi.

Mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, huhema akitembea kidogo, na viganja vyake huwa vyeupe. Mtoto huzubaa darasani. Mama mjamzito akipoteza damu wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini, kwa sababu hana akiba.

Sababu za upungufu huu ni nyingi. Ipo malaria, ipo minyoo, yupo mwenye selimundu, na wapo waliozaa kwa kufuatana bila mwili kupumzika. Lakini sababu moja kubwa ni chakula chenye madini ya chuma machache, au chenye madini hayo lakini mwili hauyapati.

Hapo ndipo chungwa linapoingia.

Namna chungwa linavyosaidia

Madini ya chuma yaliyo katika nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Yale yaliyo katika maharage, kunde, dengu, choroko, mchicha na matembele huingia kwa shida, na sehemu kubwa hutoka na choo. Nyumba nyingi haziwezi kununua nyama kila siku. Chuma chao wanakipata kwenye maharage na mboga za majani.

Vitamini C iliyo katika chungwa huyabadili madini hayo yakiwa tumboni, yakawa katika hali ambayo utumbo unaweza kuyapokea. Mtu akila chungwa pamoja na sahani ya wali na maharage, chuma kinachoingia mwilini huweza kuongezeka mara mbili au zaidi, kwa chakula kile kile na gharama ile ile. Kilichoongezeka ni chungwa moja tu.

Lakini zingatia sana jambo hili: kazi hiyo hufanyika vitu hivyo viwili vikikutana tumboni kwa wakati mmoja. Chungwa la saa nne asubuhi halisaidii sana maharage ya saa nane mchana. Kwa hiyo lile pamoja na chakula, au mara tu umalizapo kula.

Chai nayo hufanya kinyume chake. Iwe ya rangi au ya maziwa, majani yake yana vitu vinavyolishika chuma na kulizuia lisiingie mwilini. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Mama anayekula maharage na chapati huku akishushia kwa kikombe cha chai anajinyima mwenyewe. Hatusemi watu waache chai. Tunasema chai isubiri, inywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki naye asivimeze kwa chai. Avimeze kwa maji, na akipata chungwa ale pamoja navyo. Asiache vidonge hivyo kwa kudhani kwamba chungwa linatosha. Chungwa lenyewe lina chuma kidogo sana. Kazi yake ni kukifungulia mlango chuma kilichomo katika vyakula vingine.

Kilichomo ndani ya chungwa

Sehemu kubwa ya chungwa ni maji, kiasi cha gramu 87 katika kila gramu 100. Gramu hizo 100 zina vitamini C ipatayo miligramu 50. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku, mjamzito 55, na anayenyonyesha 70. Kwa hiyo chungwa moja la wastani linatosheleza mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Mwili hauwezi kuiweka akiba ya vitamini hii kwa muda mrefu, na ndiyo maana kula machungwa kumi siku moja na kukaa mwezi bila kulila si utaratibu mzuri.

Chungwa lina folati pia, ambayo husaidia kutengeneza damu na ukuaji wa mtoto tumboni. Lina potasiamu inayosaidia kudhibiti shinikizo la damu, na nyuzinyuzi zinazolainisha choo. Nyuzinyuzi hizo zimo zaidi katika utando wa vipande na katika ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, ambayo watu wengi huitupa.

Somo la kale katika pwani yetu

Matunda ya jamii ya michungwa si mageni pwani ya Afrika Mashariki. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta huko migomba, milimau na miti ya utrujja, ambalo ni tunda la jamii hiyo hiyo, lenye harufu nzuri na ganda nene.

Wareno walipofika Mombasa mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama, mtawala wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwezi wa kwanza mwaka 1499, wakirudi kutoka India, walifika Malindi baada ya kukaa baharini karibu miezi mitatu bila matunda wala mboga. Fizi zao zilikuwa zimevimba hadi kufunika meno, miguu imevimba, na mabaharia wapatao 30 walikuwa wamekwisha kufa. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Jambo la kwanza walilolitaka Malindi kwa ajili ya wagonjwa wao lilikuwa machungwa. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafia hapo hapo.

Mwaka 1747, daktari wa meli wa Uingereza aitwaye James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipona upesi kuliko wenzao. Vitamini C yenyewe ilikuja kutambuliwa katika karne ya 20, na mwanasayansi Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyoihusu.

Tunda au juisi?

Ndugu msomaji, swali hili huulizwa sana, hasa mwezi wa Ramadhani ambapo jagi la juisi halikosekani kwenye futari. Jibu ni kwamba tunda zima ni bora.

Bilauri moja ya juisi halisi huhitaji machungwa matatu hadi manne. Ukishaichuja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na sukari ya machungwa yote hayo imeingia katika bilauri moja. Ni kiasi cha vijiko vitano vya chai, kabla hujaongeza sukari yako. Mtu hawezi kula machungwa manne kwa dakika moja, lakini juisi yake huinywa kwa pumzi moja. Sukari hupanda haraka katika damu, na baada ya muda mfupi njaa hurudi.

Kwa futari, anza kwa tende na maji kama ilivyo ada, kisha chakula, na chungwa lililokatwa vipande liwe mezani pamoja na kunde au maharage. Wakati wa daku pia chungwa ni zuri, kwa kuwa lina maji mengi. Ukiamua kutengeneza juisi, usiitie sukari, usiichemshe na usiilaze. Vitamini C huharibika kwa moto, na hupungua juisi inapokaa muda mrefu ikiwa wazi. Kamua na unywe.

Usiwe mwepesi kuamini kila boksi lililochorwa machungwa. Soma maelezo yake. Vingi ni maji, sukari, rangi na ladha, na juisi yenyewe ni kidogo.

Usafi kabla ya kula

Machungwa mengi mjini huuzwa yakiwa yamemenywa, yamepangwa kwenye sinia au kwenye mkokoteni, na muuzaji huyanyunyizia maji ili yasikauke. Jiulize: maji hayo yametoka wapi? Kisu hicho kimeoshwa lini? Mkono uliolishika chungwa ndio huo huo ulioshika fedha na kufukuza nzi. Magonjwa ya kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu hupitia njia hii.

Fuata taratibu hizi:

1. Nunua chungwa lenye ganda lake, ukamenye nyumbani. Ukiwa njiani, chagua ambalo halijamenywa.

2. Osha chungwa kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kulimenya, hata kama ganda huli. Kisu hupita kwenye ganda chafu kisha kikaingia ndani, na uchafu au dawa ya shambani huingia nacho.

3. Osha mikono kwa sabuni, na osha kisu pia.

4. Chungwa lililopasuka, lenye ukungu au lililotobolewa na wadudu litupe. Usikate upande mmoja na kula uliobaki, kwani tunda lenye maji mengi huoza kwa ndani kabla macho hayajaona.

5. Maganda na mbegu visitupwe barabarani. Huleta nzi, na watu huteleza.

Ganda la kijani lisikutie shaka. Katika nchi zenye joto kama yetu, chungwa huiva na ganda likabaki kijani, kwa sababu ganda hugeuka rangi ya njano usiku unapokuwa wa baridi. Pima kwa mkono: chungwa zuri ni zito kuliko linavyoonekana, na ganda lake limekaza. Jua pia kwamba chungwa haliivi likishachumwa, tofauti na ndizi au embe. Lililochumwa chachu litabaki chachu.

Nani awe na tahadhari

Chungwa ni chakula chema kwa watu wengi, lakini wapo wanaopaswa kuwa waangalifu.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chungwa wala juisi yake. Maziwa ya mama yanamtosha. Baada ya miezi sita apewe vipande laini vilivyotolewa mbegu na utando, mama akiwa karibu, kwa sababu mtoto huweza kupaliwa.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kula chungwa moja zima katika mlo wake, lakini ajiepushe na juisi. Mwenye maradhi makubwa ya figo amuulize daktari kwanza, kwani potasiamu huweza kurundikana katika damu yake. Mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara naye amuulize daktari, kwa sababu huenda mwili wake tayari una chuma kingi.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo huweza kuhisi maumivu akilila tumbo likiwa tupu. Chungwa halisababishi vidonda, lakini uchachu wake hukera palipo na jeraha. Ale baada ya chakula, na likimsumbua aache.

Uchachu huo hulainisha meno pia. Ukimaliza kula, sukutua kwa maji, na usipige mswaki mpaka ipite nusu saa.

Tahadhari ya mwisho inahusu ndugu wa chungwa, yaani balungi na danzi. Matunda haya huzifanya baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza mafuta kuwa kali kupita kiasi mwilini. Ukiwa unatumia dawa hizo, muulize mfamasia. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo.

Mambo yanayosemwa isivyo

Watu husema chungwa huzuia mafua. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba kwa mtu wa kawaida vitamini C haizuii mafua, bali kwa anayeipata kila siku mafua huweza kupungua muda kidogo. Wengine husema chungwa hutibu malaria. Si kweli. Mwenye homa apimwe na apewe dawa. Chungwa litamsaidia kupata maji na hamu ya kula, basi.

Ganda lililokaushwa likichomwa, moshi wake huweza kufukuza mbu kwa muda mfupi. Lakini moshi huo haufai kwa mtoto, na hauchukui nafasi ya chandarua.

Panda mchungwa wako

Mwenye uwanja, hata mdogo, anaweza kupanda mchungwa mmoja au miwili. Usipande mbegu. Mchungwa wa mbegu huchelewa sana kuzaa na huwa na miiba mingi. Nunua mche uliobebeshwa, yaani mche wa mlimao uliounganishwa na kikonyo cha mchungwa mzuri. Aina zinazojulikana kwetu ni pamoja na Valencia, Washington Navel na Jaffa. Mche wa namna hii huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne.

Chimba shimo la sentimeta 60 kwa urefu, upana na kina. Udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza, debe moja au mawili, kisha urudishe shimoni. Panda mvua zinapoanza. Pale mche ulipounganishwa pabaki juu ya udongo. Miche miwili iachane mita sita au zaidi. Mwagilia wakati wa kiangazi, weka majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa, na kata machipukizi yanayotoka chini ya kiungo, maana hayo ni mlimao na yatamaliza nguvu za mti.

Majani yakigeuka njano kwa mabaka, matunda yakawa madogo, yamepinda na machungu, mwite bwana shamba. Upo ugonjwa unaoenezwa na wadudu wadogo wafyonzao majani, na mti ulioupata hauponi. Matunda yaliyoanguka yakiwa na funza yafukie chini kabisa, kwani inzi wa matunda hutoka humo na kurudi mtini. Wale sisimizi wekundu waitwao maji moto, ingawa wanauma, huwala wadudu waharibifu. Wachina wamewatumia katika mashamba ya machungwa kwa zaidi ya miaka 1,000.

Tufanye nini leo

Ndugu msomaji, katika msimu wa machungwa mengi huoza sokoni na shambani, huku ndani ya nyumba jirani mama anapepesuka kwa kukosa damu. Huo ni upotevu ambao kila nyumba inaweza kuupunguza.

Kwa hiyo, wewe baba unaporudi na kilo ya maharage, ongeza machungwa kwa idadi ya watu nyumbani. Wewe mama, unapopakua, weka kipande cha chungwa kwenye sahani ya kila mtoto, na usijisahau mwenyewe. Birika la chai liondoe mezani, ulirudishe baadaye. Na ukimwona mtoto ana viganja vyeupe, au mjamzito anachoka kupita kiasi, usingoje chungwa lifanye kazi. Mpeleke kituo cha afya akapimwe damu.